Nguvu Haipimwi kwa Mngurumo: Maoni juu ya Kuchagua Konveta ya Lori Jepesi

Kata ya Masanze imo katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, upande wa njia itokayo mjini Kilosa kwenda Mikumi. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za wilaya hiyo, maisha ya wananchi hutegemea kilimo, na kilimo hakina faida kamili mpaka mazao yatoke shambani na kufika sokoni. Kazi hiyo ya kuyatoa mazao, ambayo zamani ilifanywa kwa kichwa na kwa baiskeli, sasa hufanywa kwa sehemu kubwa na pikipiki na malori mepesi: pikapu, pamoja na yale magari madogo ya mizigo ambayo wananchi wameyabandika jina la kirikuu. Mengi ya magari hayo huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na baadhi yake hayana klachi ya kukanyagwa kwa mguu. Hayo ndiyo magari ya otomatiki.

Gari la namna hiyo linapoharibika giaboksi, au linapofungwa injini nyingine, huzuka swali ambalo mwenye gari hakulitazamia: konveta ipi ifungwe? Mara nyingi swali hili hujibiwa kwa uvumi. Mmoja husema kwamba konveta inayoiacha injini ingurume sana kabla gari halijaondoka ndiyo yenye nguvu. Mwingine husema kwamba yoyote ile ambayo matundu yake ya boliti yanalingana inafaa. Maoni yangu ni kwamba majibu yote mawili ni potofu, kwamba hasara yake humwangukia mkulima, na kwamba jibu sahihi limo katika fizikia ile ile inayofundishwa katika shule zetu za sekondari. Ni aibu kwa elimu hiyo kubaki daftarini wakati inahitajiwa barabarani.

Chombo chenyewe

Yafaa kwanza tukielewe chombo tunachokizungumzia. Wanafunzi wa Kilosa na Mikumi hawako mbali na mfano mzuri. Kule Kidatu, maji ya Mto Ruaha Mkuu huzungusha turbini za kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1975, chenye uwezo wa megawati 204. Maji yaendayo kasi hupiga mapanga ya turbini, nayo turbini huzunguka. Sasa tufikirie kwamba badala ya mto kuna pampu inayoyasukuma maji hayo, na kwamba pampu na turbini vimefungiwa ndani ya gamba moja, vikitazamana. Hiyo ndiyo konveta, isipokuwa badala ya maji hutumiwa mafuta ya giaboksi. Pampu huzungushwa na injini, na turbini huzungusha giaboksi. Pampu na turbini havikushikana kwa chuma. Kinachoziunganisha ni mafuta yanayokwenda mbio.

Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya meli ya Vulcan mjini Stettin, alipata hataza ya chombo hiki mwaka 1905. Shabaha yake ilikuwa kuunganisha turbini ya mvuke iendayo kasi sana na rafadha ya meli iendayo polepole. Magari yalikuja kunufaika baadaye.

Kati ya pampu na turbini Föttinger aliweka sehemu ya tatu, iitwayo stata. Kazi yake ni kuyapokea mafuta yanayotoka kwenye turbini na kuyageuza mwelekeo, ili yairudie pampu yakiwa yanaisaidia badala ya kuipinga. Kwa sababu ya stata, turbini hupata momenti ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita toki, iliyo kubwa kuliko ile ya injini. Gari linapokuwa limesimama, ongezeko hilo katika konveta nyingi hukaribia mara 2. Turbini inapokaribia kasi ya pampu, ongezeko hupungua mpaka likatoweka.

Mwanafunzi mwenye akili ya kudadisi atauliza: je, hapa hatukuivunja kanuni ya hifadhi ya nishati? Hatukuivunja. Uwezo wa kufanya kazi kwa sekunde ni toki ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko. Turbini iliyosimama ina toki kubwa, lakini kasi yake ni sifuri. Kwa hiyo kazi inayofanyika ni sifuri, na nishati yote inayotoka kwenye injini hugeuka joto ndani ya mafuta. Jambo hili tulikumbuke, kwa maana tutalirudia.

Kasi ya mkwamo

Tuseme gari limetiwa gia, breki zimeshikwa barabara, na mafuta ya injini yamekanyagwa mpaka mwisho. Turbini haiwezi kugeuka. Pampu inazunguka, na kadiri inavyozunguka kasi ndivyo inavyokuwa nzito kwa injini. Uzito huo hukua kwa kipeo cha pili: kasi ikiwa mara 2, toki inayohitajiwa huwa mara 4. Basi injini hupanda kasi mpaka ifike mahali ambapo toki yake ni sawa na ile inayodaiwa na pampu, na hapo hukwama. Kasi hiyo, ikihesabiwa kwa mizunguko kwa dakika, ndiyo kasi ya mkwamo. Mafundi huiita stoli. Magari mengi ya kawaida ya petroli hutoka kiwandani yakiwa na kasi ya mkwamo iliyo kati ya takriban 1,600 na 2,500. Injini za dizeli kwa kawaida hupewa kasi ndogo zaidi, kwa kuwa toki yake huja mapema.

Kutokana na maelezo hayo mtu ataona kosa la kwanza la uvumi. Muuzaji husema, "Konveta hii ni ya 2,000," kana kwamba namba hiyo imechorwa katika chuma. Ukweli ni kwamba konveta peke yake haina kasi ya mkwamo. Kasi hiyo ni ndoa ya konveta na injini. Chukua konveta inayokwama kwenye mizunguko 2,000 nyuma ya injini inayotoa nyutoni-mita 130. Ifunge nyuma ya injini dhaifu inayotoa nyutoni-mita 90. Kwa kuwa toki hufuata kipeo cha pili cha kasi, kasi mpya ni 2,000 ikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha 90 gawanya kwa 130, yaani karibu 1,660. Ifunge nyuma ya injini ya nyutoni-mita 200, na kasi itapanda hadi karibu 2,480. Chuma ni kile kile, na boliti ni zile zile. Lakini gari la kwanza litaondoka kwa uvivu, na la pili litanguruma kuliko ilivyokusudiwa. Kwa hiyo anayenunua konveta bila kujua ilitoka nyuma ya injini ipi amenunua kitu asichokijua.

Hesabu ya lori moja

Sasa tuje kwenye kosa la pili, la kudhani kwamba kasi kubwa ya mkwamo ndiyo nguvu. Hapa hatuna budi kufanya hesabu, kwa sababu bila hesabu mabishano hayana mwisho. Nachukua lori jepesi la mfano. Pamoja na mzigo lina kilo 2,000, yaani uzito wa karibu nyutoni 20,000. Nusu-kipenyo cha gurudumu ni mita 0.30. Gia ya kwanza na difu kwa pamoja huzidisha toki mara 11.5, na sehemu 9 kati ya 10 za nguvu hufika kwenye magurudumu. Injini hutoa nyutoni-mita 130 kwenye mizunguko 2,000, na nyutoni-mita 148 kwenye mizunguko 2,800. Tunazo konveta mbili: ya kwanza hukwama kwenye 2,000, ya pili kwenye 2,800; na zote mbili huongeza toki mara 2 gari linapoanza kuondoka.

Kwa konveta ya kwanza, nguvu ya kusukuma kwenye magurudumu ni 130 mara 2, mara 11.5, mara 0.9, gawanya kwa 0.30, jawabu ni karibu nyutoni 9,000. Kwa konveta ya pili, jawabu ni karibu nyutoni 10,200. Ongezeko ni sehemu 14 katika kila 100. Mtetezi wa kasi kubwa atashangilia. Lakini asishangilie kabla hatujauliza nguvu hiyo inahitajiwa wapi.

Tuseme lori linapanda mlima mkali wa mita 1 kwenda juu kwa kila mita 5 za barabara kavu ya changarawe. Mlima wenyewe hudai nyutoni 4,000, na msuguano wa kubingirika hudai kiasi cha 600. Jumla ni 4,600. Konveta ya kwanza inatoa karibu maradufu ya hiyo. Basi hata kwenye mlima huo, unaozidi milima mingi ya barabara zetu, konveta ya kasi ndogo ina akiba ya kutosha.

Tuseme sasa ni masika, njia ya kijijini ni tope, na hakuna mlima wowote. Tope hudai labda sehemu moja ya kumi ya uzito, yaani nyutoni 2,000. Mpaka hapo hakuna shida. Lakini gurudumu haliwezi kusukuma kuliko linavyoshika ardhi. Ikiwa magurudumu ya nyuma yamebeba nyutoni 12,000, na kizio cha msuguano kwenye udongo uliolowa ni 0.4, nguvu kubwa kabisa inayoweza kutumika ni nyutoni 4,800. Nguvu ya konveta ya kwanza, ambayo ni nyutoni 9,000, imekwisha kupita kiasi hicho. Zile 1,200 za nyongeza zinazoletwa na konveta ya pili hazilisukumi lori hata hatua moja. Zinachimba shimo chini ya gurudumu. Hata kwenye changarawe kavu, ambako kizio ni kama 0.6, kiasi kinachotumika ni 7,200 tu. Anayetaka lori lake litoke katika tope na atazame tairi zake, upangaji wa mzigo wake, na mguu wake wa kulia. Konveta haina lawama hapo, wala haina dawa.

Deni la joto

Ingekuwa nyongeza ile ya nguvu ni ya bure, tungeweza kusema: haidhuru, na iwepo. Lakini si ya bure. Turudi kwenye kanuni tuliyoiweka akiba. Injini inapokuwa imekwama, uwezo wake wote hugeuka joto. Nyutoni-mita 130 kwenye mizunguko 2,000 ni kilowati 27. Nyutoni-mita 148 kwenye mizunguko 2,800 ni kilowati 43. Kwa hiyo mwenye lori amepata nguvu zaidi kwa sehemu 14 katika 100, akalipa joto zaidi kwa sehemu 60 katika 100. Hii ni biashara ya hasara.

Joto hilo linakwenda wapi? Giaboksi ya lori kama hili yaweza kuwa na mafuta lita 7, ambayo ni karibu kilo 6. Kilo moja ya mafuta huhitaji kiasi cha joto jouli 2,000 ili ipande nyuzi 1. Tukiliacha kando joto linalochukuliwa na chuma na rejeta, mafuta yote yatapanda nyuzi 2.3 kwa kila sekunde katika konveta ya kwanza, na nyuzi 3.6 katika ya pili. Mafuta haya hufanya kazi vyema kwenye nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi. Yakizidi 120 huharibika upesi, na mipira ya kuzuia uvujaji hukauka na kupasuka. Dereva aliyelikwamisha lori mbele ya gogo, akakanyaga mafuta kwa sekunde 10 huku magurudumu hayageuki, ameyapeleka mafuta yaliyokuwa nyuzi 90 hadi 113 katika hali ya kwanza, na hadi 126 katika hali ya pili. Mafuta yaliyomo ndani ya konveta yenyewe, kwa kuwa ni machache, yatapata moto zaidi ya hapo.

Ndiyo sababu jaribio la kupima kasi ya mkwamo hufanywa na fundi aliyefundishwa, magurudumu yakiwa yamewekewa vigingi, watu wakiwa mbali, na kwa sekunde zisizozidi 5. Wanafunzi wasilijaribu. Ndiyo sababu pia si vyema kulishikilia lori mlimani kwa kukanyaga mafuta badala ya breki. Na anayepanda mwinuko mrefu, kwa mfano Mlima Kitonga katika njia ya Mikumi hadi Iringa, hana budi kushusha gia mapema ili turbini ikimbizane na pampu badala ya kuburuzwa nyuma yake.

Tena deni hilo haliishii wakati wa kuondoka. Konveta iliyolegea huteleza zaidi hata safarini, isipokuwa giaboksi iwe na kifungio cha kuiunganisha pampu na turbini. Gari likienda kwa mteleko wa sehemu 10 katika 100, lita 10 za petroli katika kila 100 hupasha mafuta joto tu. Mkulima analipa nauli ya gunia lake, na ndani ya nauli hiyo anainunua petroli ambayo haikumsaidia kitu.

Pingamizi mbili

Zipo pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza husema kwamba injini ndogo sana haziwezi kuondoka bila kasi kubwa ya mkwamo. Hilo ni kweli. Kirikuu nyingi ni za daraja lile la magari madogo ambalo sheria ya Japani, tangu mwaka 1990, huyawekea injini isiyozidi sentimita za ujazo 660. Injini kama hiyo haina toki ya kutosha kwenye mizunguko ya chini, na waundaji wake huipa konveta inayoiruhusu ipande kwanza. Basi kanuni yangu haisemi kwamba kasi ndogo ni bora daima. Inasema hivi: chagua kasi ndogo kabisa ya mkwamo inayotosha kuondosha mzigo halali kwenye mlima mkali kuliko yote katika njia yako, wala usiipitishe ile kasi ambayo injini hutoa toki yake kubwa. Na neno "halali" lina uzito wake. Sheria hiyo hiyo ya Japani huruhusu magari hayo kubeba kilo 350. Anayepakia kilo 800 kisha akatafuta konveta ya kumwokoa anatafuta uponyaji mahali pasipo ugonjwa.

Pingamizi ya pili husema: tununue magari yenye klachi ya mguu, na mjadala uishe. Sina ugomvi na hoja hiyo. Klachi hupoteza nishati kidogo na hutengenezwa kwa urahisi katika gereji nyingi za mikoani. Lakini klachi nayo huteleza na kuungua mikononi mwa dereva asiyejua. Na magari ya otomatiki yamekwisha kuwako, yanafanya kazi, na hayatatoweka kwa sababu hatuyapendi. Nchi haiwezi kuikimbia teknolojia iliyokwisha kuingia mlangoni, inalazimika kuielewa.

Wajibu wa shule

Hapa ndipo ninapowageukia walimu. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitaka shule isitengwe na maisha ya jamii inayoizunguka. Momenti ya nguvu, msuguano, kazi, nishati na joto mahususi ni mada ambazo mwanafunzi wa sekondari huzisoma. Zote zimetumika katika makala haya, wala hapakuhitajiwa mada nyingine.

Vifaa si kisingizio. Feni mbili ndogo zikiwekwa zikitazamana, moja ikawashwa, nyingine itaanza kuzunguka bila kuguswa. Izuie kwa kipande cha karatasi, na darasa zima litaona mkwamo ni nini. Ubao, uzi na jiwe vyatosha kupima mwinuko wa njia iendayo shambani. Mizani ya springi na kipande cha tairi kuukuu vyatosha kupima kizio cha msuguano juu ya udongo mkavu, kisha juu ya udongo huo huo uliomwagiwa maji. Wanafunzi wa Masanze wakipima njia zao wenyewe watapata namba bora kuliko hizi za mfano wangu, kwa kuwa zitakuwa namba za kwao. Nacho chuo cha VETA kilichoko Mikumi kiko karibu. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa ufundi wa magari wana mengi ya kuambiana.

Kwa wauzaji wa vipuri na mafundi nina ombi moja tu: kila konveta iliyotumika iandikwe jina la injini iliyotoka nayo. Maneno mawili ya chaki juu ya chuma yangemwepusha mnunuzi na kubahatisha.

Tangu Julai 2024 treni za umeme za reli mpya hupita Kilosa katika safari za Dar es Salaam na Dodoma. Mota ya umeme hutoa toki kubwa hata ikiwa imesimama, nayo haihitaji konveta kabisa. Huenda siku moja malori mepesi nayo yakafuata njia hiyo, na stata ya Föttinger ikabaki katika majumba ya makumbusho. Lakini mlima, tope, mzigo na joto havitabadilika. Kijana aliyejifunza kuuliza "nguvu kiasi gani, wapi, na kwa gharama gani" atalipima gari la umeme kama alivyolipima lori la petroli, na hatadanganywa na mngurumo wala na ukimya.